Tarehe Niliyoifuta Kwenye Hotuba

Uchaguzi mkuu wa Uganda wa 2006 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu 1980, na huku kwetu Arua kila mgombea aliimba umeme. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, lakini nusu karne baadaye gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi. Mji ulitegemea mashine ya mafuta, tena kwa saa chache. Matumaini yote yalikuwa Nyagak, mtambo wa maji wa megawati 3.5 upande wa Paidha.

Nilikuwa nimeacha utangazaji mwaka uliotangulia, Radio Uganda ilipounganishwa na televisheni ya UTV ikawa UBC, shirika la utangazaji la taifa. Kazi yangu ilikuwa habari za Kiswahili. Mwaka huohuo katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi, jambo lililonifurahisha sana, ingawa muda wa hewani wa lugha hiyo haukuongezeka. Mgombea ubunge mmoja aliponiomba niwe mshauri wake, nilikubali kwa kuwa siku ya kwanza tu nilimpinga mbele za watu, naye akanisikiliza hadi mwisho.

Jioni ninayoikumbuka tulikuwa njiani kwenda redio moja ya mjini, kwenye kipindi cha Kiswahili kilichosikilizwa na Wanubi, askari, madereva wa malori na wachuuzi wanaovuka kwenda Ariwara, Congo. Ndani ya gari nikaisoma hotuba yake. Ilisema taa za Nyagak zitawaka kabla ya Krismasi.

"Mheshimiwa, tarehe hii umeitoa wapi?"

Akadakia binamu yake, aliyekuwa akilipia magari ya kampeni. "Mzee, watu ndivyo wanavyotaka kusikia. Wenzetu wanasema hivyo kila mkutano."

"Yule kijana wa kipindi nimemfundisha kazi mimi," nikamjibu. "Akisikia tarehe, ataomba ushahidi."

Lakini hofu yangu haikuwa kwa kijana yule. Kwetu Uganda, redio si kitu cha kuchezea. Januari 1971, Aprili 1979, Julai 1985: mara zote hizo wananchi walijua serikali imeanguka kwa kusikia sauti redioni. Wazee wetu waliamua kufunga duka, kukimbia au kubaki kwa maneno yaliyotoka kwenye kile kisanduku. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia redioni kwamba umeme unakuja Krismasi, anakwenda kukopa anunue mota.

"Sasa niwaambie nini?" mgombea akauliza. "Kwamba sina umeme?"

"Waambie mbunge hajengi bwawa. Anambana waziri, anadai ratiba ya ujenzi isomwe hadharani, kisha anarudi hapa kusema amejibiwa nini."

Akanipa kalamu. Nikaifuta ile sentensi. Binamu hakunisemesha tena usiku ule.

Studioni nilisimama upande wa fundi mitambo, nikimtazama mtu wangu kupitia kioo. Miaka yote nilikuwa ndani, mwenye maswali. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anayetunga jibu huanza kwa kulirudia swali polepole, na usiku ule nilikuwa nikiisubiri dalili hiyo kwa mtu niliyemtetea mwenyewe. Kijana akauliza, kama nilivyotarajia: "Nyagak itawaka lini?" Mgombea akanyamaza. Sekunde chache za kimya hewani ni ndefu mno. Fundi alikwisha nyoosha mkono kuweka muziki. Ndipo mgombea akasema: "Sijui. Anayekutajia tarehe leo naye hajui." Halafu akaeleza atakachofanya bungeni, bila kusoma karatasi.

Simu zikaanza kuingia. Wengine walimzomea. Mmoja alisema kama hajui, akae nyumbani. Kisha akapiga mama mmoja mwenye mashine ya kusaga unga wa muhogo.

"Mwanangu, dizeli inanimaliza. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Nikikupigia nikuulize waziri amesemaje, utapokea?"

"Nitapokea, mama." Akaitaja namba yake hewani, tarakimu kwa tarakimu. Binamu akashika kichwa.

Tarehe 23 Februari watu walipiga kura, naye hakushinda. Wapo wanaonilaumu mpaka leo kwa ajili ya jibu lile, nami nasimama nalo: Nyagak ilianza kutoa umeme 2012, na gridi ya taifa ilitufikia Arua 2024.

Yule mama aliendelea kumpigia hata baada ya kushindwa. Mgombea naye hupokea, halafu hunipigia mimi: "Mzee, mama wa mashine anauliza." Nami nawatafuta waandishi niliofanya nao kazi Kampala, wale wanaoripoti bunge, nipate jibu apelekewe.