Tajiri wa barafu

Jumapili usiku. Joto la kaskazi limegoma kuondoka, feni inazungusha hewa ileile, na mbele yangu kuna daftari la binti yangu ambalo nimeruhusiwa kulifungua saa tatu kamili, si kabla. "Mahesabu lazima yakauke kwanza," kaniambia, akaenda kulala.

Ana miaka minane. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunarudi kutoka soko la Mgandini, mimi nakanyaga baiskeli, yeye nyuma kwenye keria na mfuko wa nyanya mapajani, akauliza: "Baba, mtaji ni shilingi ngapi?" Nikamwambia inategemea unataka kuuza nini. Akanyamaza barabara mbili nzima (sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, tunapima kila kitu kwa barabara, si zimepewa namba?), kisha akasema: barafu. Za ukwaju. Kwa watoto wanaotoka chuoni, madrasa, baada ya alasiri.

Nilifurahi kupita kiasi. Usiku uleule nikakata boksi la sabuni nikachora bango, nikaanza kumtafutia jina la biashara. Mama watoto akaniangalia weee, akauliza, "Hivi biashara ni ya nani?" Nikaweka kalamu chini. Bango limo uvunguni mpaka leo.

Aliyenishangaza ni mama yangu. Nilidhani atakuwa wa kwanza kushangilia, kumbe ndiye aliyekataa.

Mama ndiye aliyenifunza biashara, kama neno lenyewe ni hilo. Baba yangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwenye shamba la mkonge. Miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na Tanga ilikula na kuvaa kutokana na hizo. Mimi naanza shule mwishoni mwa miaka ya 1980, kamba za nailoni zilishauvunja mgongo mkonge, mashamba mengi yameota pori, na mshahara wa baba unakuja siku unayojisikia. Mama akakaanga bagia. Nikatembezwa. Sinia kichwani, kawa juu yake, alfajiri kabla ya kengele ya shule, na nikirudi shule natoka tena. Mama alizihesabu zikitoka na kuzihesabu zikirudi. Bagia moja ikikosa hela yake, hakuwa na haja ya kuuliza. Alinisogelea akaninusa mdomo.

Kwa hiyo nilipomweleza habari ya mjukuu wake, aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nilikutembeza wewe ili huyu asije akatembezwa."

Nikajitetea kisomi. Nikasema sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hapa hakuna anayeajiriwa, mtoto anacheza tu, anajifunza hesabu. Mama akasema kama anacheza, mnunulie mdoli.

Tukavutana siku mbili. Mwisho akakubali kwa masharti, yote yake: mtoto hashuki kwenye baraza, hauzi magharibi ikikaribia, siku ya mtihani hakuna barafu. Na ukwaju atauandaa yeye mwenyewe, "maana nyinyi mtawalisha watoto wa watu kokwa."

Hapo ndipo nilipogundua alikuwa anataka kuombwa.

Sijawahi kumwona mtu akiutendea ukwaju kwa adabu namna ile. Aliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu tangu asubuhi, akaja kuukamua kwa vidole taratibu, nyama inaachia, kokwa zinatoka nyeusi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Akachuja kwa chujio, akachuja tena kwa kitambaa. Sukari akaiyeyusha pembeni kwenye maji ya moto, maana ukiitia kavu inakaa chini, barafu ya kwanza inakuwa chachu na ya mwisho shira. Hiliki tatu, zilizopondwa si kusagwa. Binti yangu akashika faneli, mimi nikamimina kwa kopo, na bibi akafunga. "Fundo ndiyo biashara yenyewe," alisema.

Kazi yangu ndiyo iliyoharibika. Nilijaza vifuko mpaka shingoni, nikasahau kuwa maji yakiganda yanavimba. Asubuhi tukakuta kumi na moja zimepasuka, na samaki wa mama watoto, changu, wamegandia ndani ya ukwaju mwekundu kama wamekwisha ungwa. Tulipowapika mchana, wallahi, hawakuwa wabaya.

Mkupuo wa pili ukakaa sawa, barafu 40. Nikamkalisha tuandike gharama. Sukari robo tatu, 2,100. Ukwaju, fungu la 1,000. Vifuko, 500. Jumla 3,600. Barafu 40 kwa shilingi 100 ni 4,000. Faida 400. Uso wake ulivyochanua, ungedhani kauza meli. Mimi, kwa vile nashinda kazini na vitabu vya hesabu za watu, nikaona nisimwache na ndoto. Nikamuuliza: na umeme je? Nikampeleka kwenye mita ya LUKU, nikamwonyesha uniti zinavyoshuka, nikamweleza kwamba friji inakula, na anayekula lazima aandikwe.

Akaitazama mita. Akanitazama mimi. "Baba, kwani nisipouza barafu mtaizima friji?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi wenye tai wasiofika hapo. Umeme tukaufuta kwenye daftari. Tangu siku hiyo nyumba nzima tunamwita Tajiri.

Basi Tajiri huketi kwenye baraza saa kumi na nusu, kopo la kimbo lenye kifuniko mapajani, bibi yake kwenye kiti cha miyaa nyuma kidogo kama askari wa benki. Chenji hazimsumbui kwa sababu ana njia yake: hasomi namba, anasoma wanyama. Swala ni mia, simba ni mia mbili, nyati ni mia tano. "Umenipa simba, nakurudishia swala." Wateja wenyewe wameshaizoea lugha hiyo, na juzi nilimsikia mtu mzima wa barabara ya jirani akiagiza "barafu za nyati." Wakimaliza kunyonya, bibi anawaonyesha ndoo ya takataka kwa kidole tu, na hakuna anayethubutu kutupa kifuko chini.

Jumatatu ya wiki hii akapita kijana mwenye ndoo ya bagia. Miaka kumi hivi, labda kumi na moja, kandambili moja imeshonwa kwa waya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

Akaitua ndoo kivulini. Macho hayakuwa kwa bibi. Tajiri, ambaye hajawahi kuona mtu asiyekuwa mteja, akamweleza mpango: bagia moja mia, barafu moja mia, tubadilishane. Kimahesabu hakuna wa kulalamika. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, nakaza mnyororo wa baiskeli. Nikaona midomo ya yule kijana ikicheza bila sauti, na nikajua anahesabu nini.

"Haiwezekani," akasema. "Zimehesabiwa."

"Hata zangu zimehesabiwa," Tajiri akamjibu, akimfungulia daftari aone.

Nilitoka na mikono yangu ya grisi nikanunua bagia za mia tano. Kijana akaipokea ile nyati, akaifunga kwenye pembe ya kitambaa, fundo mbili, akajitwika ndoo yake akaondoka. Barafu hakununua. Hela anayo mkononi na barafu iko pale, lakini hela ile haikuwa yake, na sikutegemea mtu mwingine yeyote barazani aelewe hilo isipokuwa mimi na aliyeketi kwenye kiti cha miyaa. Mama hakugeuka kunitazama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua, ila vidole vilikuwa vinapita juu ya chuya bila kuziokota.

Usiku nikajaribu kumweleza mtoto. Nikasema zile bagia si za yule kaka, ni za mama yake. Akasema, "Hata mimi mtaji si wangu, ni wako." Nikasema ndiyo, lakini zikipotea mbili wewe sikufanyi kitu. Akauliza yeye wanamfanya nini. Nikamwambia alale.

Sasa ni saa tatu na dakika zake, nimelifungua daftari. Kapiga safu tatu kwa rula, wino mwekundu: Zilizouzwa. Zilizobaki. Zilizoyeyuka. Safu mbili za kwanza ziko vizuri kuliko za baadhi ya watu wazima ninaofanya nao kazi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Jumanne, 1. Jumatano, 1. Alhamisi, 1. Ijumaa pako patupu. Jumamosi, 1. Na wiki nzima hii umeme haujakatika hata mara moja.

Nikamwita kwa sauti ya chini, kama bado yuko macho. Yuko macho.

"Tajiri, friji ina tatizo?"

"Haina."

"Mbona kila siku inayeyuka moja?"

Kimya. Kitanda kikalia kidogo. Halafu sauti ikatoka chumba cha pili, ya mama yangu, ambaye nilidhani kalala tangu isha.

"Barafu huyeyuka, baba. Ulitaka ifanye nini?"

Ijumaa kijana wa bagia hapiti. Nimechukua kalamu, nimetoa mia nne kwenye faida ya wiki, jumla yake na yangu zimekutana, nikalifunga daftari.