Majina ya samaki ndani ya seli moja

Kazi yenyewe ilikuwa bango la ukutani la majina ya samaki, la kutundikwa kwenye bandari ndogo za wavuvi pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Gazi hadi Vanga. Kila samaki awe na jina la wenyeji, jina la kisayansi, na jina la mtaalamu aliyemweleza pamoja na mwaka. Dada aliyekusanya majina hayo alikuwa ameyaweka katika faili la Excel lenye safu tatu, kila kitu mahali pake. Mchapaji yeye alitaka safu moja tu, na jina la kisayansi liwe limelazwa (italic), kama inavyotakiwa:

Nguru: Scomberomorus commerson (Lacepède, 1800)

Jenasi na spishi hulazwa. Jina la mtaalamu na mwaka husimama wima. Familia, mathalani Lethrinidae, nayo husimama wima. Jina la wenyeji likolezwe (bold) ili mvuvi alione kwanza. Ni mitindo mitatu ya herufi ndani ya seli moja.

Alikuwa ameziunganisha safu zake kwa fomula:

=TRIM(A2)&": "&TRIM(B2)&" "&TRIM(C2)

Maneno yalikaa vizuri, lakini kila alipojaribu kulaza sehemu, seli nzima ililala. “Kaka, hii Excel inanikatalia,” akasema. Ilikuwa inamkatalia kwa haki. Seli yenye fomula haihifadhi maandishi. Huhifadhi hesabu, na kinachoonekana ni jibu lake. Mtindo wa sehemu ya maandishi unahitaji maandishi yaliyoandikwa na kukaa, kwa sababu ndani ya faili yanakatwa vipande, kila kipande na fonti yake. Jibu la fomula halina vipande vya kukatwa. Namba nazo ni hivyo hivyo: 1800 ikiwa ni namba, huwezi kukoleza 18 peke yake. Na hata kama safu ya B ingekuwa imelazwa yote tangu mwanzo, alama ya & hubeba herufi tupu na kuacha mtindo nyuma. VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani katika jedwali, hufanya vivyo hivyo.

Basi hatua ya kwanza haikuwa makro, yaani amri zilizoandikwa ili Excel ifanye kazi yenyewe. Tulichagua safu ya fomula, tukanakili, tukabandika palepale kwa Paste Special, Values. Safu tatu za asili tuliziacha katika karatasi nyingine bila kuziguza, maana makro ikishapita, Ctrl+Z haina kazi. Excel husahau historia ya kutendua mara makro inapobadili karatasi.

Yeye alikuwa amekwisha kurekodi makro yake: akawasha kinasa (Macro Recorder, kinachogeuza unachofanya kuwa msimbo), akaingia kwenye seli ya nguru, akalaza jina, akazima kinasa. Kila aliyeanza na makro amepita njia hiyo, nayo kwa kazi hii haifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu akihariri ndani ya seli, kinasa huandika pia mstari unaoanza na ActiveCell.FormulaR1C1 wenye maandishi yote ya seli ile. Ukiiendesha makro kwenye seli ya tasi, tasi anafutika na nguru anaandikwa juu yake. Ukiuondoa mstari huo, inabaki sababu ya pili: kinasa kimekariri nafasi. Kimeandika kwamba mlazo unaanzia herufi ya 8 na kwenda herufi 23, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa Scomberomorus commerson. Tulipoiendesha kwenye “Tasi: Siganus sutor (Valenciennes, 1835)” ikalaza “iganus sutor (Valencien”. S imebaki wima, na Mfaransa wa watu amekatwa katikati.

Kuna na kasoro ya tatu ambayo huonekana faili likisafiri. Kinasa hupenda kuandika FontStyle na jina la mtindo kwa lugha ya Excel iliyorekodi. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye Excel ya Kifaransa ana majina mengine ya mitindo hiyo. Ukiandika Font.Italic = True na Font.Bold = True, kila kompyuta inaelewa.

Tukafungua dirisha la kuandikia msimbo wa VBA kwa Alt+F11, tukaingiza moduli mpya, tukaanza upya. Swali lilikuwa moja: ni nini ndani ya maandishi yenyewe kinachoonyesha mlazo uanzie wapi na uishie wapi? Mwanzo ulikuwa rahisi: nukta mbili na nafasi. Hata jina la wenyeji likiwa refu kama “Tasi / Tafi / Chafi”, nukta mbili zipo. Mwisho ndio uliozua mjadala. Pendekezo la dada lilikuwa kulaza mpaka mabano yanapofunguka, na kwa nguru, tasi, jodari na kibua linakubali. Lakini mabano hayapo kila mahali. Mabano yanamaanisha kwamba mtaalamu alimweleza kiumbe katika jenasi nyingine na baadaye akahamishwa: Lacepède alimweka nguru kwenye Scomber. Asiyehamishwa hana mabano. “Pweza: Octopus cyanea Gray, 1849” hana. “Kolekole: Caranx sexfasciatus Quoy & Gaimard, 1825” naye hana. Kanuni ya mabano ingewalaza hawa mpaka mwaka.

Kanuni iliyosimama ni ya maneno: baada ya nukta mbili laza maneno mawili, la pili likiwa “sp.” au “spp.” (spishi isiyotajwa jina, moja au nyingi), laza moja tu, kwa sababu vifupisho hivyo havilazwi. Orodha haikuwa na spishi ndogo zenye jina la tatu, na sikuona sababu ya kuandika msimbo wa kitu kisichokuwepo.

Sub PambaMajina()
    Dim seli As Range, t As String, neno As String
    Dim n As Long, a As Long, b As Long
    Application.ScreenUpdating = False
    For Each seli In Intersect(Selection, ActiveSheet.UsedRange)
        If Not seli.HasFormula And VarType(seli.Value) = vbString Then
            t = seli.Value & " "
            t = Replace(t, ChrW(160), " ")
            t = Replace(t, vbLf, " ")
            seli.Font.Bold = False
            seli.Font.Italic = False
            n = InStr(t, ": ")
            If n > 1 Then
                seli.Characters(1, n - 1).Font.Bold = True
                n = n + 2
                a = InStr(n, t, " ")
                If a > n Then
                    b = InStr(a + 1, t, " ")
                    If b = 0 Then
                        b = a
                    Else
                        neno = Mid(t, a + 1, b - a - 1)
                        If neno = "sp." Or neno = "spp." Then b = a
                    End If
                    seli.Characters(n, b - n).Font.Italic = True
                End If
            End If
        End If
    Next seli
    Application.ScreenUpdating = True
End Sub

Characters ndiyo roho ya kazi. Inapokea vitu viwili, herufi ya kuanzia na idadi ya herufi, na kuhesabu kwake huanzia 1. Watu hukosea kwenye namba ya pili: wanaweka nafasi ya mwisho badala ya urefu, na mlazo unavuka mpaka. InStr, inayotafuta neno au alama iko herufi ya ngapi, nayo hurudisha 0 isipopata kitu, na 0 hiyo ikiingia kwenye Characters bila kuzuiwa italeta balaa, ndiyo maana kuna If nyingi kiasi hicho.

Nafasi moja iliyoongezwa mwishoni mwa t, kigeu kinachoshika nakala ya maandishi ya seli, ni ya kuokoa seli ambazo jina linaishia bila mtaalamu. Bila nafasi hiyo neno la mwisho halina mwisho.

Mistari miwili ya Replace ilitokana na majina yenyewe. Baadhi yalikuwa yamenakiliwa kutoka kurasa za intaneti, na kati ya jenasi na spishi hapakuwa na nafasi ya kawaida bali ile isiyovunjika, herufi nambari 160. Kwa macho hazitofautiani. TRIM, ile ya kuondoa nafasi zilizozidi, haiioni. Kwa InStr, “Lethrinus lentjan”, yaani changu, iliyoandikwa hivyo ni neno moja, kwa hiyo neno la pili linakuwa “(Lacepède,” na mlazo unameza bano. Penginepo mtu alikuwa amebonyeza Alt+Enter kushusha mtaalamu mstari wa pili, na hapo kinachotenganisha ni vbLf, alama ya kushuka mstari. Badiliko lote tulilifanya ndani ya t, si ndani ya seli. Herufi moja inabadilishwa na herufi moja, urefu haubadiliki, kwa hiyo nafasi zilizohesabiwa kwenye t ni zilezile za kwenye seli. Ukibadilisha herufi mbili kwa moja, mbinu hii inakufa.

Intersect ipo kwa ajili ya wale wanaobofya kichwa cha safu na kuchagua yote. Safu moja ina seli 1,048,576, na Excel ingezipitia zote tupu. Characters si ya haraka hata kwenye seli zilizojaa, na kuzima ScreenUpdating kunasaidia sana.

Tukaendesha kwa Alt+F8, bango likapendeza. Kisha orodha ikaenda kwa mkaguzi, naye akaona “Lacépède” mahali pengine na “Lacepède” mahali pengine. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya: Ctrl+H, Replace All. Faili lilirudi likiwa na seli zote za changu na nguru zimekolezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mlazo hakuna. Excel ikiandika upya thamani ya seli yenye mitindo mchanganyiko, huchukua mtindo wa herufi ya kwanza na kuwapa wote. Herufi ya kwanza ilikuwa N ya “Nguru”, nzito. Makro inayoandika seli.Value huleta madhara yaleyale, hata ikiandika maandishi yaleyale.

Hapo ndipo ile mistari miwili ya False ilipolipa. Makro inaanza kwa kuivua seli yote kabla ya kuivika, hivyo inaweza kupita juu ya orodha mara yoyote ile na jibu likawa lilelile. Tulichagua safu, tukaiendesha tena, mambo yakarudi. Kuanzia hapo utaratibu ukawa mmoja: masahihisho yote ya maneno kwanza, mapambo mwisho, na mtu akigusa neno, makro inapita tena. Kwa maoni yangu makro ya mapambo isiyoweza kurudiwa haina faida kuliko kulaza kwa mkono.

Safu ya maelezo ilitaka kitu kidogo zaidi: maneno kama ng'onda yapakwe rangi. InStr iliyapata mengine na kuyaruka mengine. Yale yaliyotoka Word yalikuwa na ritifaa iliyopinda, ChrW(8217), na yale yaliyoandikwa ndani ya Excel yalikuwa na iliyonyooka, Chr(39). Kwa lugha yenye ng' kila kona jambo hili si dogo. Dawa ni ileile ya herufi moja kwa moja ndani ya kigeu. Na kwa kuwa neno linaweza kurudi ndani ya seli moja, utafutaji ulizungushwa kwa Do While, kila mara ukianzia pale neno lililopatikana linapoishia. Ukiusahau mwendo huo wa mbele, makro hulipata neno lilelile milele na Excel inaganda.

Ukaguzi wa mwisho haukufanywa kwa macho. Font.Italic ya seli hurudisha True ikiwa yote imelala, False ikiwa hakuna iliyolala, na Null ikiwa imechanganyika. Katika orodha yetu seli nzuri ni ile ya Null tu. Makro fupi ikapita, na kila seli yenye maandishi ambayo IsNull iliikataa ikapakwa manjano. Zilizowaka hazikuwa nyingi: “Pono;” yenye nukta na mkato badala ya nukta mbili, “Kibua:Rastrelliger kanagurta” isiyo na nafasi baada ya nukta mbili, na chache ambazo jina la kisayansi lilikuwa bado halijajazwa. Zikarekebishwa kwa mkono, makro ikapita tena.

Makro tuliiweka kwenye PERSONAL.XLSB ya kompyuta ya dada, faili la makro binafsi linalofunguka pamoja na Excel, ili orodha ibaki .xlsx ya kawaida. Mlazo uliokwisha kuwekwa hauhitaji makro ili uonekane, na faili lisilo na makro halizuiliwi likitumwa. Mchapaji aliomba CSV. CSV ni herufi tupu na mikato, kila mlazo ungefia humo. Tulinakili safu, tukaibandika kwenye Word kwa chaguo la kutunza mtindo wa chanzo, tukamtumia hiyo.