Kasha la nne

Kasha la nne la kioo limekaa tupu tangu Pasaka na bado sijaamua nimweke nyoka gani. Watatu nilionao hapa Kisasa, Dodoma, ni wale wadogo wa kahawia wanaoingia majumbani kufuata panya. Hawana sumu, kibali kimebandikwa ukutani, mama watoto ameshawazoea. Karibu ameshawazoea.

Moyo ulikuwa kwa chatu. Ila chatu wetu akikomaa anaweza kupita mita nne, nami nimepanga vyumba viwili. Huyo basi.

Sasa nimemganda mla mayai. Jumamosi mfugaji mwenzangu alinionyesha wake akila yai la kware. Jamani! Kichwa chembamba kama kidole changu, lakini taya zilipanuka hadi ngozi ya shingo ikaonekana katikati ya magamba. Yai likazama zima. Akajipinda kidogo, tukasikia "kta!", mifupa ya uti wa mgongo imelipasua humo humo kooni. Baadaye akatema ganda, limebanwa kama karatasi ya pipi. Meno ni kama hana. Akikasirika anasuguanisha magamba, sauti kama mafuta kikaangoni, mikwara mitupu.

Tatizo ni msosi. Panya hawakosekani, ila mayai ya kware leo yapo kesho hakuna, na la kuku halimwingii mdogo kama yule. Halafu usiku wa Julai Dodoma unauma, taa ya joto itakula umeme.

Mama watoto kauliza moja tu: hayo mayai yako kwenye bajeti ya nani?