Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya weita wa nyama choma, Karen

Saa kumi na mbili asubuhi

Julai Nairobi ni baridi ya kuuma mifupa na maji ya bomba unayaogopa hata kuyagusa. Naamka, nachemsha ya kuoga, napiga chai ya rangi na mkate, mtoto bado amelala kwa shosho yake chumba cha pili. Naishi karibu na Dagoretti Corner na kazi iko Karen, kule mbele upande wa kuelekea Ngong, kwa hivo asubuhi naenda kinyume na watu, wao wanaingia tao mimi natoka. Napanda matatu namba 111, nakaa dirishani, na ukungu ukiwa hivi hata Ngong Hills hazionekani.

Nimekuwa weita mwaka wa sita sasa, yote sehemu moja. Ni ile klabu ya choma yenye nyasi, miti mikubwa, meza za mbao chini ya miti, na watoto wana sehemu yao ya kuruka. Watu wanatoka mbali, Umoja, Embakasi, South B, wanapitia Southern Bypass na familia nzima kwa gari, na mimi nikiona gari limejaa hivo najua hao watu wameamka wakipanga hii siku. Ndo maana naichukulia kazi hii kwa uzito.

Saa mbili

Kupanguza meza, juu umande unaacha maji kwa mbao. Kujaza chumvi, kukata limau, kukagua kama masinki ya kunawa yana sabuni na kama maji moto yanatoka. Hapo kwa maji moto mimi sibembelezi mtu. Huwezi kumpa mtu nyama ya mafuta Julai halafu anawe na maji baridi, mafuta yanagandia vidole na hatasahau hiyo kitu.

Nina daftari langu la mfukoni. Naandika meza, oda, saa oda imeingia, saa chakula kimetoka, na kama kuna mtu amelalamika naandika amesema nini, kwa maneno yake. Meneja hakuniambia nifanye hivi. Nilianza mwaka wa pili baada ya mama mmoja kuniambia amengoja saa nzima na nusu, mimi nikabishana naye kwamba ni dakika arobaini tu, na baadaye nikaangalia risiti nikapata alikuwa sawa. Alikuwa ameshaenda. Sikupata kumuomba msamaha.

Saa tatu

Nyama inafika na pikipiki, kwa lile sanduku la bati la kubebea nyama. Mbuzi zetu zinatoka Kiamaiko, kule machinjioni. Mchomaji wetu, tunamwita Fundi, anaanza na kutafuta muhuri wa mkaguzi kwa kila paja, halafu ananusa, halafu anabonyeza na kidole. Akikataa moja inarudi, na nimeshamwona akikataa. Anaitundika kwa vyuma vya bucha pale mbele, anawasha makaa, na kutoka hapo mpaka usiku nguo zetu zote zitanuka moshi.

Saa sita

Kastoma wa kwanza. Kuna mzee huja kila Jumamosi na gazeti lake, anataka supu ya mbuzi yenye limau na pilipili moja nzima, na Tusker ya moto. Supu nampa. Tusker namwambia, "Mzee, bado saa nane." Anajua, na mimi najua anajua, lakini lazima niseme. Tangu ile sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliita sheria ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, baa kama yetu wikendi na sikukuu inauza pombe kuanzia saa nane mchana mpaka saa tano usiku, na siku za kazi ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Wengine wakiambiwa hivo wanakasirika kama ni mimi nimeiandika. Nimejifunza kusema mapema, mtu akikaa tu: karibu, chakula kipo, soda ipo, bia ni saa nane. Akijua mwanzoni anaagiza chai ya tangawizi na anatulia, lakini akijua baada ya kungoja robo saa nishakosana naye.

Saa saba

Hapa kwa kupima kilo nataka nikae kidogo, juu malalamiko mengi yako hapo.

Kilo moja ya mbuzi kwetu ni shilingi 1,400. Kastoma anaenda bucha, anaonyesha kipande, kinapimwa, kinaenda motoni. Baada ya saa moja inaletwa mbaoni, anaangalia, anasema, "Dada, hii si kilo." Na si uongo, kwa macho hiyo si kilo. Nyama mbichi imejaa maji, na ikikaa kwa makaa maji yanaenda, mafuta yanadondoka. Siku moja nilimwomba Fundi tupime kwa ajili yangu tu, mguu wa kilo moja kamili uliingia, ukatoka gramu 680, na ndani ya hizo kuna mfupa. Tangu hiyo siku naeleza kabla, pale pale kwa mizani: mkubwa, hii ni kilo mbichi na mfupa wake, ikiiva itapungua, itabaki karibu robo tatu hivi, pengine chini. Kama mko wanne na mna njaa chukueni kilo mbili. Kuna weita mwenzangu aliniambia natisha wateja na nitapunguza mauzo. Mimi naona wanaongeza, juu wanapanga vizuri.

Na mizani iangalie kastoma, isiangalie bucha. Hiyo niliipigania mpaka ikageuzwa.

Saa nane na nusu

Dada mmoja amekuja na ndugu zake, ni nesi, anafanya kazi Uingereza na yuko likizo. Wenzake wamekaa, yeye namwona anatembea mpaka kaunta na kadi mkononi. Nikamfuata, "Siz, kaa tu, nitakuja." Akacheka akasema amezoea ya huko. Anasema kwenye baa zao za mashambani unatafuta meza, unasoma namba yake, unaenda kaunta mwenyewe unaagiza na unalipa hapo hapo, halafu ndo unaletewa chakula. Bia wanapima kwa painti, ambayo ni mililita 568, chupa yetu ni 500. Jumapili wanakula nyama ya kuoka na viazi, mboga, mchuzi mzito, na kile kitu kinaitwa Yorkshire pudding ambacho akasema hakina sukari, ni unga na mayai na maziwa. Na jikoni kwa nyingi kunafungwa baada ya lunch mpaka jioni, ukifika saa tisa una njaa utakula krisps.

Nikamuuliza nyama wanachagua aje. Akasema hawachagui, sahani inakuja vile imekuja. Hapo akanyamaza kidogo halafu akasimama, akaenda bucha akaonyesha mbavu akasema hizo, zote.

Nimefikiria sana hiyo ya kulipa kwanza. Ingetuondolea ugomvi wa bili usiku, huo naujua. Lakini kwetu mtu anaongeza kilo saa kumi, anaongeza mutura, ile soseji ya utumbo, binamu anafika na bibi yake, sahani inaitwa tena, na ukimwambia alipe kila mara utakuwa umemvunjia starehe. Acha tulipe mwisho, bora bili iandikwe vizuri.

Saa tisa

Watu wamejaa. Kila kona ni "weita!" na wengine wanapiga pssst, hiyo siipendi lakini naitika. Meza 9 ni besdei, mtoto wa kike anafikisha miaka saba, wako kumi na wawili na shosho wao. Wameagiza kilo tatu choma, ugali mbili, kachumbari, na shosho nilimuuliza pole pole kama meno yanaruhusu choma akaniambia, "Mwanangu, niletee ya kuchemsha." Supu yake ilitoka kwanza, na hiyo ilikuwa sawa. Oda iliingia 9:10, nikawaambia itachukua saa moja.

Kumi na dakika kumi naenda motoni kuchukua nyama, haipo. Fundi anasema imetoka. Imetoka wapi? Tukatafuta, iko meza 6, wanakula. Wao walikuwa wameagiza kilo mbili na mwenzangu akawapelekea ya karibu bila kuniuliza, na mimi nilikuwa nimeiacha bila alama yoyote, nikitegemea Fundi akumbuke vipande ishirini kwa kichwa. Kosa langu.

Sasa hapo ndo weita wengi husema "dakika tano tu". Nimeshawahi kusema. Dakika tano zinakuwa tano zingine na mtu anaangalia moshi anaona ni wake. Nilienda nikainama karibu na baba ya mtoto nikamwambia, "Mkubwa, nyama yenu imepelekwa meza nyingine, ni mimi nimekosea. Mpya itachukua saa moja. Nipe dakika mbili nione kama kuna njia." Alinyamaza. Watoto walikuwa wanauliza chakula.

Kulikuwa na kilo mbili karibu kuiva, za watu waliopiga simu wakiwa njiani. Nikawapigia nikawaeleza wazi, kuna besdei ya mtoto na tumekosa, je, mko wapi? Wako Bypass, jam ya Lang'ata, bado nusu saa na zaidi. Wakasema wape, sisi tuwekee nyingine. Sikuamini. 10:25 nyama ilikuwa meza 9, Fundi akaja mwenyewe kuikata, ile laini akaiweka upande wa watoto, na meneja akatoa ugali na kachumbari kwa bili. Ile kilo ya tatu ikafuata baadaye. Baba alisema tu, "Afadhali umesema mapema." Na wale wa Bypass walipofika niliwatolea supu nne, nikazilipia mimi.

Saa moja jioni

Giza na baridi. Tunapeleka majiko ya makaa kwa meza za nje. Hapa ndo nakula, ugali na sukuma na kipande Fundi ameniwekea, nimesimama.

Saa tano usiku

Pombe imefungwa, sasa ni bili. Naisoma kwa sauti, kitu kimoja kimoja, hata kama mtu anasema usijali. Bei ya menyu yetu ina VAT ya asilimia 16 na ile ya utalii asilimia 2 ndani, kwa hivo hakuna kitu kipya kinaongezwa chini, na hiyo pia naisema. Wengi wanalipa kwa M-Pesa, lakini kuonyeshwa meseji kwa simu ya kastoma haitoshi, tunangoja iingie kwa simu ya tili. Mmoja aliona kama namshuku. Nikamwambia ikipotea inakatwa kwa mshahara wangu, akaelewa, akangoja.

Saa sita kasoro robo

Nikaandika kwa daftari: meza 9, kilo tatu, iliingia 9:10, mbili zilitoka 10:25, ya tatu 11:20. Haikuwa na alama. Nikampelekea Fundi asome. Hakusema kitu, akaenda nyuma ya jikoni akarudi na debe la mafuta ya kupikia lililoisha, na koleo. Tukakata vibati thelathini tukiwa tumekaa karibu na makaa yanayozima, yeye anakata, mimi naandika namba kwa msumari, askari wa geti akatuletea waya wa kufungia. Gari la kazi likapiga honi tukiwa ishirini na sita. Nne zilizobaki nimekuja nazo nyumbani kwa mkoba.