Kanga Iliyofunuliwa Mnazi Mmoja

Juzi, tulipokuwa tukikanda unga wa chapati, kitindamimba wangu aliyasoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga kwa sauti mpaka alipofika kwenye asidi ya foliki, akaniuliza kwa nini dawa itiwe kwenye ngano. Nilimweleza kwamba ni vitamini inayomsaidia mtoto aliye tumboni ili uti wake wa mgongo ufunge vizuri, naye akaridhika, akarudi kwenye donge lake. Fikra zangu zilikuwa zimekwisha kwenda Mnazi Mmoja, kwenye matembezi yale ya hisani ya Oktoba 25, siku ya kimataifa ya kuwakumbuka watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji na wenye mgongo wazi, yaani uti ambao haukufunga.

Ya matembezi yenyewe si mengi. Tulitembea asubuhi na mapema, hotuba zikasomwa, kisha sisi wa kamati tukasambaa na visanduku vya michango, kwa kuwa fedha zilihitajika kununulia mipira myembamba ambayo madaktari huipitisha chini ya ngozi ili maji yaliyojikusanya kichwani mwa mtoto yateremke tumboni na kufyonzwa na mwili. Watu walipokea vipeperushi kwa adabu, wakavikunja, wakaelekea vituo vya daladala.

Ndipo mama mmoja kijana, aliyekuwa ameketi nasi chini ya hema akiwa amempakata mwanawe, aliposimama bila kuombwa na mtu. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji, na sasa maji yalikuwa yamemjaa kichwani. Alikuwa amefunikwa gubigubi kwa kanga, kama mama yake alivyozoea kumfunika ndani ya daladala ili kukwepa minong'ono ya abiria. Aliishika ncha ya kanga, akaivuta taratibu mpaka kichwa chote kikaonekana: ngozi ya utosi iliyotanuka hata ikang'aa, mishipa iliyojichora juu yake, na mboni zilizovutwa chini zikazama nusu kama jua la magharibi. Mtoto akapiga chafya. Mama akamfuta pua kwa kidole, akamweka vizuri begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni mwanangu. Hajarogwa. Ana maji kichwani, na hospitali wanayatibu."

Muuza kahawa aliyekuwa akipita aliweka birika lake chini, akatumbukiza noti. Wengine wakafuata, nami sikuhitaji tena kumwandama mtu yeyote.

Baadaye, fedha zikihesabiwa, yule mama alimgeukia muuguzi wetu. "Dada, nikizaa tena, itakuwa hivi hivi?" Muuguzi alimweleza kuhusu utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, ambapo wanawake waliokwisha kupata mimba ya namna hiyo walipewa foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya kurudia ikapungua kwa asilimia 72. Akamsihi amwone daktari mapema, kwa sababu mwanamke kama yeye huhitaji dozi kubwa kuliko wengine, na uti wa mgongo hufunga katika siku 28 hivi tangu mimba itungwe.

"Vidonge vya kliniki nilimeza vyote," mama alisema. "Lakini siku hizo 28 hata sikujua kama nina mimba."

Neno lile halijaniacha. Watu walichangia kichwa walichokiona. Kinga haionekani: kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda waongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, lakini sembe inayosagwa kwenye mashine za mtaani, ambayo ndiyo chakula cha wengi wetu, mara nyingi haiongezwi chochote. Tena si kila kichwa kikubwa hutokana na upungufu wa foliki. Katika ukanda wetu watoto wengi hupata maji kichwani baada ya maambukizi ya majuma ya kwanza ya uhai, na hilo nalo halijawahi kutuletea michango.

Wenzangu kwenye kamati wanasema upasuaji kwanza, nami siwezi kuwapinga, kwa maana kila juma linalopita kichwa cha mtoto anayesubiri huzidi kukua na ubongo wake huzidi kubanwa. Hata hivyo nimeomba sehemu ya michango ya mwaka huu, japo ndogo, ipelekwe kwa wasichana ambao bado hawajashika mimba. Kikao kimeahirishwa mara mbili, na bado hatujakubaliana.