Nilivyofaulu maikro kwa mzani wa muuza samaki

Wanaosema maikro, lile somo la chuo la uchumi wa bei na soko, ni hesabu tu wasikudanganye. Hesabu zipo, na kama derivativu, zile hesabu za kasi ya mabadiliko, zinakusumbua kaa nazo mpaka zikuzoee. Lakini mimi niliifaulu, tena kwa A, nikiwa nimekaa juu ya gogo nje ya kibanda cha mkaa Mbagala, mkononi mzani wa kuning'iniza. Nasema kwa maringo kidogo kwa sababu walionicheka ni wengi.

Ushauri niliopewa na karibu kila aliyenitangulia ulikuwa mmoja: kesha na pasti pepa, tafuta desa zuri, yaani majibu ya kunakili, na maswali ya mazingira usiyapotezee muda, yale ni maelezo tu, utajaza ukifika kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo. Mmoja wa washauri hao alikuwa anajiandaa kwa sapu, mtihani wa waliofeli, ya somo hilohilo. Hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Kozi yetu ilimalizikia kwenye uchumi wa mazingira, na kila mmoja alitakiwa achague tatizo moja, alieleze kwa nadharia na akadirie unyumbufu wa mahitaji, yaani bei ikipanda watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani. Wenzangu wakakimbilia mabadiliko ya tabianchi, mada ambayo unaweza kuandika chochote na hakuna wa kukuuliza. Mimi nikachukua mkaa. Dar es Salaam ndiyo soko kubwa la mkaa kuliko yote nchini, na kwetu unauzwa hatua chache kutoka mlangoni.

Hapo ndipo kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanishika bega. "Dogo, usihangaike. Tengeneza dodoso. Wape watu bei tano tano, waulize kila bei watanunua kiasi gani, chora mstari, umemaliza." Nikatoa kopi stationari, kama elfu kumi na kitu ikaondoka kwenye bumu, hela ya mkopo wa chuo, nikaingia mtaani na kalamu sikioni.

Nyumba ya kwanza, mama aliposikia "bei ikifika elfu mbili" hakungoja swali liishe. "Kwani inapanda lini?" Akamtuma mtoto palepale akachukue kiroba kabla haijapanda. Nyumba ya pili, mzee akaniambia wao wanatumia gesi tu, mkaa walishaacha zamani, huku maharage yakitokota kwenye jiko la mkaa nyuma yake. Nyumba ya tatu wakaniuliza mitungi inakuja lini. Sikuelewa. Kumbe mtaa mzima ulishaambiana kwamba kuna kijana anaandikisha majina ya watu wa kupewa mitungi ya gesi ya bure, maana wameshazoea kuona inagawiwa. Nilipotoka uchochoroni nilikuta kina mama wamejipanga, kadi za mpiga kura mkononi. Mmoja ananisukumia kadi ya mumewe aliyeko Lindi, "mwandike na huyu, mwanangu, anarudi." Mjumbe akaniita, nikajieleza mbele ya watu, na hadi leo wapo wanaoamini mitungi ililetwa nikaiuza.

Majibu yenyewe? Bei ikifika mara mbili, karibu wote waliandika "naacha kabisa". Kwa karatasi zangu, bei ikipanda Mbagala nzima ingekula unga mbichi. Mtu ukimuuliza atafanya nini bei ikipanda, anakujibu kama unajadiliana naye bei. Usimuulize. Mwangalie analipa nini.

Nikahamia kibandani kwa mama mkaa, ambaye ananijua tangu nasoma msingi. Ilikuwa masika, na masika ndiyo dhahabu yenyewe: malori yanakwama porini, mkaa unapungua mjini, lakini watu wanaendelea kula kama kawaida. Maana yake ugavi ndio unaosogea, mahitaji yametulia, na kila bei mpya inakuonyesha nukta nyingine kwenye mstari uleule wa mahitaji. Kwenye vitabu jambo hili linachukua kurasa nyingi. Pale gogoni nililiona bei ya gunia ilipopanda.

Ila siku za mwanzo sikuona kitu. Gunia limepanda kwa mama, lakini kopo linabaki shilingi elfu moja, na kopo lenyewe ni lilelile. Mtu wa desa angeandika hapo kwamba bei haikubadilika. Mimi nikamwangalia mkono. Kiangazi anajaza kopo, anaweka vipande virefu vimesimama, halafu juu anapanga kilima cha kama kiganja kizima. Masika kilima hakipo. Vipande vimelazwa, katikati kuna uwazi, na kopo lenyewe linagongwa kidogo kidogo tu ili mkaa usishuke. Nilipomwuliza akacheka: "Mwanangu, hapa ukipandisha bei wanahama. Ukipunguza kilima wananuna, lakini wananunua."

Basi nikaazima mzani kwa muuza samaki, ule wa ndoano, nikawa napima kopo kila nikifika. Chagua mkaa mkavu, maana ulionyeshewa unadanganya uzito, na usipime mbele ya wateja, mama atakufukuza. Ukigawanya elfu moja kwa uzito halisi unapata bei ya kilo. Bei hiyo ilikuwa imepanda karibu theluthi nzima bila noti hata moja kubadilika. Na kilo zilizouzwa zilipungua kidogo sana, kwa sababu baadhi ya waliokuwa wakinunua kopo moja walianza kuongeza nusu. Mahitaji ya mkaa hayana unyumbufu wa maana, na nilikuwa na daftari la kuthibitisha.

Kutoka hapo nadharia yote ikaanza kuingia yenyewe. Kwa nini watu hawahami kwenda gesi wakati ukipiga hesabu ya mwezi gesi haizidi mkaa sana kwa gharama? Kwa sababu kujaza mtungi wa kilo 6 kunataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mtu mwenye elfu moja ya leo hana elfu ishirini ya mwezi. Kwa nini katazo la mkaa la Januari 2006 halikudumu? Bei ilipanda, watu waliendelea kuutafuta, na katazo likaondolewa muda mfupi baadaye. Mama mkaa mwenyewe alinikumbusha 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa ili wachakachuaji wanaoyachanganya kwenye dizeli wakome. "Waliokuwa na majiko ya mchina wote wakaja kwangu." Pata maelezo bora ya bidhaa mbadala kuliko hayo.

Mwanauchumi Pigou, aliyeandika mwaka 1920 kwamba anayeumiza wengine atozwe kodi inayolingana na hasara anayowasababishia, nilimwelewa nilipouliza mti wenyewe unalipiwa kiasi gani. Ushuru upo, lakini mkaa mwingi unaingia mjini usiku kwenye pikipiki bila kuulipia, kwa hiyo bei ya kopo ni ya usafiri na jasho, msitu hauhesabiwi. Hoja ya mwanauchumi mwingine, Coase, ya 1960 kwamba wahusika wanaweza kupatana wenyewe, inataka haki za umiliki zijulikane na kupatana kusiwe na gharama kubwa. Sasa mpatanishe mpikaji wa Mbagala na mchoma mkaa wa Rufiji asiyemjua.

Aliyenifaa zaidi ni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, 2009, aliyeonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali ya pamoja zikijiwekea kanuni. Mfano wake tunao Kilosa, mkoani Morogoro: vijiji vimepewa mamlaka juu ya misitu yao, mkaa unavunwa kwenye vitalu vya mita 50 kwa 50 vilivyopangwa kama ubao wa drafti, kitalu kikivunwa kinapumzishwa miaka 24, na kijiji kinapata ushuru wa mkaa unaovunwa. Niliuweka mwishoni mwa ripoti.

Siku ya kuwasilisha mhadhiri aliniuliza swali moja tu la maana: mvua haibadilishi mahitaji pia, kuni zikiloa watu si wanakimbilia mkaa? Nikamjibu kwamba kuni kwetu hazipo, mtaa wote ni mabati na uzio. Akaandika kitu, akaitikia kwa kichwa, akaita mwingine.

Yule kaka wa dodoso alinitafuta kabla ya UE, alikuwa anarudia somo. Alitaka daftari langu. Nikamuuzia kopi kwa elfu tano, akalalamika weee, akalipa. Ningesema kumi angelipa pia.