Siku moja maishani mwangu: dakika nzima ya kuhesabu pumzi

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kimoja cha nyanda za juu, mkoani Njombe. Wagonjwa ninaowaeleza nimewabadilisha hapa na pale ili wasijulikane.

Saa 11:40 alfajiri

Mwezi wa Julai huku kwetu nyasi zinaamka zimefunikwa sakitu. Natoka nje kuwasha jiko la mkaa, na linabaki huko huko nje mpaka chai iive. Ndani haliingii, baridi iume itakavyouma. Miaka michache nyuma niliwapokea watu wawili wa nyumba moja, waliolala na jiko chumbani huku madirisha yamezibwa kwa nguo. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa kwenye damu katika nafasi ya oksijeni na haibanduki upesi. Kifaa cha kidoleni kilinionyesha oksijeni asilimia 97, nao walikuwa hawajitambui. Kifaa kile hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hiyo. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kumtazama mtu kabla ya kutazama namba.

Saa 1:30 asubuhi

Makabidhiano ya zamu. Muuguzi wa usiku ana macho mekundu. Wodini kuna wagonjwa saba, wanne kati yao ni wa kifua. Kabla ya yote nakagua mashine ya oksijeni. Kazi yake ni rahisi kuielewa: inavuta hewa hii hii tunayovuta sote, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, inachuja naitrojeni, kinachobaki kinapita kwenye mrija hadi puani kwa mgonjwa. Udhaifu wake ni umeme. Ndiyo maana nafungua na mtungi wa akiba, nasoma geji, nahakikisha spana ya kuufungulia iko mahali pake. Spana ikipotea, mtungi uliojaa ni chuma tu.

Saa 2:50

Mama kijana na mkwewe, na mtoto wa miezi tisa mgongoni.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, daktari. Huyu ana kimeo. Nilitaka tumpeleke kwa fundi akikate, mama yake ndiye aliyeng'ang'ania tuje huku."

Sikumbishia. Nilimwomba mama amfungue mtoto kifua na kumpa ziwa atulie, maana mtoto anayelia huhema ovyo na hesabu yake haifai. Kisha nikamwita bibi asogee. "Tuhesabu wote, bibi. Kila tumbo likipanda, moja." Nikaweka simu mezani, dakika nzima. Sekunde kumi na tano mara nne hazitoshi, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, mara mbio, mara polepole.

Mimi nilipata 62. Bibi alipata 60, akaniangalia kama ananiuliza nani kakosea. Hakuna aliyekosea. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi asifikishe mitano, ni 40. Kwa aliye chini ya miezi miwili, 60. Nikamwonyesha na jambo la pili: kila mtoto akivuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani badala ya kutanuka. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vimejaa majimaji na usaha, pafu limekuwa gumu, na mtoto anatumia nguvu zote kulifungua. Hiyo ni nimonia. Kifaa kidoleni kilisoma 87, na chini ya 90 hatungoji.

Oksijeni puani, sindano ya ampisilini na jentamaisini, kitanda cha kwanza karibu na meza ya wauguzi.

Kimeo nilikirudia baadaye, mtoto alipotulia. Nilimwomba bibi apanue mdomo mbele ya kioo, nikamwonyesha cha kwake. Kila mtu anacho. Mtoto akikohoa sana kinavimba na kuwa chekundu, ndiyo maana mtu akichungulia kooni anakiona na kudhani ndicho chanzo. Nimeshuhudia mtoto akiletwa anavuja damu kooni baada ya kukatwa, na nimonia yake iko pale pale. Bibi alinyamaza muda, halafu akauliza kama wajukuu wengine nyumbani waje wahesabiwe. Nilimwambia atakayehema haraka, asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyelegea au aliyeshtuka degedege, aletwe bila kusubiri asubuhi.

Saa 4:15

Msichana wa kidato cha pili, pumu. Huyu hahitaji kuelezewa sana, unamsikia kutoka mlangoni: akitoa pumzi, kifua kinapiga mluzi. Njia za hewa zimesinyaa na kujaa ute, hewa inaingia lakini kutoka inagoma. Anaongea maneno matatu anakata. Kinachonitisha zaidi kwa mgonjwa wa pumu ni mluzi ukipotea huku bado anahangaika. Wengi hudhani amepata nafuu, kumbe hewa imekoma kupita hata ya kutoa sauti.

Nyumbani alikuwa anapewa vidonge vya salbutamoli. Vidonge vinafanya moyo upige mbio na mikono itetemeke, kifuani vinafika taratibu. Dawa ya kuvuta inafika palepale, ila akiipuliza moja kwa moja mdomoni nyingi inaishia kwenye ulimi. Hapa ndipo chupa ya maji ya nusu lita inaponisaidia. Natoboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa pampu, nabana kwa plasta. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani, napuliza mara moja, anapumua polepole mara tano au sita, kisha tunarudia. Chupa ya kuokota inafanya kazi nzuri sana, na natamani kila shule ya bweni ingekuwa nayo.

Baada ya dakika ishirini alivuta pumzi ndefu ya kwanza. Nikamuuliza analala wapi. Bwenini, chini ya dirisha lililovunjika, na asubuhi hii alikuwa zamu ya kufagia bweni. Nimemwandikia mlezi wake barua kuhusu vumbi na dirisha, na nimempa pampu ya pili, ya dawa ya kutuliza uvimbe, atumie kila siku hata akijisikia mzima. Ya kwanza inafungua njia, hii inazuia zisifunge.

Saa 5 na nusu

Vidonda viwili, kliniki ya presha, mzee mpasua mbao mwenye kikohozi cha wiki tatu na jasho la usiku. Makohozi yake yamekwenda maabara kupima kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, hatugawi tena dawa ya maji.

Saa 6:20 mchana

Mama aliyejifungua wiki tano zilizopita, uzao wa tatu. Aliingia akitembea, lakini alisimama mara mbili kati ya benchi na kiti changu. Kwenye daftari lake nilikuta amekwishatibiwa mahali pengine mara mbili: kwanza kichomi, kisha pumu, akapewa pampu. Haikumsaidia.

Swali ninalouliza kila mtu anayekosa pumzi ni hili: ukilala inakuwaje?

"Silali, daktari. Nikilala chali naona kama nazama. Naweka mito mitatu. Jana nimelala nimekaa, nimeegemea ukuta."

Nikabonyeza mguu wake kwa kidole juu ya kifundo. Shimo likabaki. Mishipa ya shingo imesimama. Moyo unakwenda 124, pumzi 32, oksijeni 88. Chini ya mapafu, pande zote mbili, kuna sauti kama uji unaoanza kutokota. Mapafu yake hayana ugonjwa wao wenyewe. Moyo umechoka, hausukumi damu ya kutosha, damu inarundikana nyuma yake na maji yanajipenyeza kwenye mapafu. Akilala, maji ya miguuni yanarudi juu. Akikaa, yanashuka. Ndiyo maana ya mito mitatu.

Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wanawake mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Unapita kimya, kwa sababu kila mtu anajua mama mwenye kichanga huchoka, hukosa usingizi na huvimba miguu. Mama mkwe anasema ni kawaida, jirani anasema ni kawaida, na naogopa sisi wenyewe tunaovaa makoti meupe tunasema hivyo hivyo. Siwalaumu waliomwona kabla yangu. Asubuhi yenye watu themanini kwenye benchi, mtu akisema "kifua kinabana", neno pumu linakuja lenyewe. Mimi pia limeshanijia hivyo, na mgonjwa akarudi hali yake mbaya zaidi.

Tulimkalisha miguu ikining'inia, oksijeni, sindano ya furosemaidi kupunguza maji. Nikapiga simu hospitali ya rufaa, yenye kipimo cha picha ya moyo. Mumewe aliuliza kama atapona. Nilimjibu ninachokijua: mioyo mingi ya namna hii hurejea, kiasi au yote, ikitibiwa mapema, na wasipange mimba nyingine kabla ya kuongea na daktari wa moyo. Dereva wa gari la wagonjwa nilimwambia mara mbili: usimlaze. Apande amekaa, asafiri amekaa.

Saa 8:30

Kande za jana, nimesimama.

Saa 9:10 alasiri

Mvulana wa miaka minne. Wazazi wametoka bondeni Usangu kuvuna mpunga, wamerudi juzi. Anahema mara 54 kwa dakika. Nikasikiliza mapafu, safi kabisa. Kidoleni 98. Muuguzi kijana aliyeko mafunzoni akasema kwa furaha, "Oksijeni iko vizuri."

Nikamwambia amvute mtoto kope la chini. Lilikuwa jeupe kama karatasi, na viganja vivyo hivyo. Kile kifaa hakihesabu damu iliyopo, kinapima ile iliyopo imebeba oksijeni kiasi gani. Kwenye stendi kukiwa na daladala mbili tu, zote zimejaa, utasema zimejaa asilimia mia moja, lakini abiria mia tatu bado wamesimama barabarani. Mtoto huyu anahema haraka ili daladala mbili zipige ruti nyingi. Wingi wa damu ulikuwa gramu 4.3 kwa desilita, malaria imeonekana. Sindano ya artesuneti, na damu ya kundi lake ilikuwepo, chupa moja. Baba alijitolea papo hapo kutoa damu ya kurudishia.

Saa 11 jioni

Umeme ukakatika damu ikiwa bado inatiririka. Mashine ya oksijeni ikalia, ikazima. Spana ilikuwa mahali pake. Kutoka mashine hadi mtungi tulitumia chini ya dakika moja, na yule bibi ndiye aliyeshika tochi ya simu juu ya mrija wa mjukuu wake bila mkono kutetemeka.

Saa 12:40

Nakabidhi zamu. Mtoto wa miezi tisa: pumzi 51, oksijeni 94 akiwa kwenye mrija, amenyonya mara mbili. Bibi alishahesabu kabla yangu. Yeye alipata 50.

Saa 2:20 usiku

Simu ya dereva. Wamefika, yule mama amepokelewa, njia nzima alikuwa amekaa. Kichanga kililala mapajani mwa baba yake. Wamempa kitanda kinachoinuka kichwani, na anaulizia kama anaruhusiwa kunywa chai.